Barua ya Kusomwa Siku ya Tisa

Inarajan, Guam
4 Februari 1962

Nasio mwanangu,

Mkono wangu huu hapa, uinamie hukohuko uliko, nami nimeshakubariki. Sisi hatujambo. Mzee wangu Kiko naye hajambo, ila jogoo wake mwekundu alichinjwa Jumapili na jogoo mwenzake kwenye mapigano ya majogoo, na tangu siku hiyo anakula kama mjane. Nguruwe amezaa tisa, wamebaki saba. Paa la jikoni linavuja palepale. Padre amepata gari.

Habari kubwa ni kwamba tumepimwa. Amekuja daktari kutoka Amerika, Dakta Halvorsen, kijana mrefu mwenye masikio mekundu, na Delfina muuguzi ndiye mkalimani wake. Anazunguka kijiji hadi kijiji akitafuta watu wenye mafundo ya mifupa. Sasa hapo nani asiyejua ampeleke wapi? Akaambiwa nenda Inarajan, ulizia ukoo wa Mafundo. Alipofika alitukuta tumejipanga barazani kama watu wa picha ya harusi, thelathini na mmoja, kila mtu amekunja shati. Bwana yule alifurahi! Ana kikoleo cha kupimia, analibana fundo, anasoma namba, Delfina anaandika. Binamu yako Tomas akanyoosha goti akamwambia, "Hili la babu, hili la baba, na hili dogo la pembeni nimejinunulia mwenyewe juzijuzi." Tulicheka hadi Padre akatoka ndani.

Mimi nilimwonyesha ya mikononi na ya magotini. Akayaminya, akasema na Delfina, na Delfina akatutangazia: huu si ugonjwa mbaya. Ni mfupa uliozaa mfupa. Mtoto akikua na lenyewe linakua, akiacha kukua nalo linaacha. Si saratani. Watu wakapiga makofi. Nikasema, mwenzangu, umevuka bahari yote hii kuja kutuambia tunachokijua tangu enzi za Wahispania?

Akauliza kama ninayo mengine. Nikamwambia hapana. Lipo la nyonga, wewe unalijua, ndilo nililokubebea ubavuni tangu mama yako alipokuzaa akafa. Ulikuwa ukiliita kiti chako. Lakini mwanamke wa miaka hamsini na tatu hapandishi sketi mbele ya kijana mwenye masikio mekundu, tena Padre yuko hapohapo anakula keki. Siku hizi nalo limekuwa jeuri kidogo. Kanisani nakaa upande.

Nasikia wewe na mkeo Loreni mnataka mtoto. Mungu ashukuriwe, nilidhani Wamarekani wanaagiza watoto dukani. Akizaliwa mlete. Mtoto wa Mafundo hubatizwa mara mbili, kwa maji ya Padre na kwa vidole vya bibi, na bibi mwenye vidole nimebaki mimi. Nikimkuta na fundo nitajua ni wetu. Nisipomkuta nalo nitampenda vilevile, ila nitamtazama Loreni mara mbili.

Shangazi yako,
Brigida


San Diego
2 Aprili 1962

Shangazi,

Nauinamia mkono wako. Barua yako imenisubiri wiki sita, manowari yetu ilikuwa baharini. Mimi mzima. Loreni ameshika mimba, anatapika asubuhi na mchana anataka maembe mabichi, na maembe hapa ni ya kuota ndotoni. Kazi ni ileile, kuwaandalia maofisa meza. Tumepata ofisa mpya anayetaka apigiwe pasi hadi soksi. Mwambie Kiko pole kwa jogoo.

Tomas kanichekesha. Ila Shangazi, hilo la nyonga, ni jeuri kwa namna gani? Limeongezeka au linauma tu? Tangu lini? Nauliza tu. Delfina si huja kijijini kila Alhamisi? Mwonyeshe yeye, ni mwanamke mwenzako.

Neno jingine. Mkikaa kupiga soga usitaje kovu langu la mgongoni. Vijana wa nyumbani tuko wengi hapa bandarini na barua tunasomeana. Siku naandikishwa nilisema mafundo yangu ya mbavuni ni ya kuanguka mshelisheli, na jeshini mpaka leo wanajua hivyo. Mtu wa mifupa ya mashaka hawamtaki. Nimebakiza miaka sita nipate pensheni. Loreni naye anajua habari ya mshelisheli, na hiyo inamtosha.

Mwanao,
Ignasio


Inarajan
20 Mei 1962

Nasio,

Barikiwa. Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu imepita na tumesalimika. Tulipika wali mwekundu vyungu kumi na nne. Watu wa kijiji cha Merizo walikuja na nzi wao, wakala, wakafunga na vya kubebea, wakasema chumvi ilikuwa nyingi. Kiko amenunua jogoo mwingine. Wa rangi gani, usiniulize.

Delfina sitamwonyesha kitu. Nikimwonyesha Alhamisi, Ijumaa nitasikia habari za nyonga yangu sokoni Agana mjini. Nimekwenda kwa mganga wetu, yule bibi mzee Tan Amparo. Amenikanda kwa mafuta asubuhi tatu, na vidole vyake vilipofika pale akasema, "Brigida, umepita wapi bila hodi?" Ni kweli, mwaka juzi nilikata majani ya kusukia mikeka karibu na ule mti wa nunu wa nyuma ya mto, na sikuwaomba Watu wa Kale, mizimu ya mti ule, ruhusa. Nilikuwa na haraka. Basi wamenifinya. Kiko amekwenda kuniombea radhi. Alivua kofia, akaacha tumbaku, akasema, "Bibi na Babu, msameheni, ndivyo alivyo, hata mimi huwa hanipigii hodi." Nimeolewa naye miaka thelathini, sijawahi kumsikia akinitetea vizuri namna hiyo.

Linauma kidogo tu. Tangu nikandwe mguu hufa ganzi, nikiamka naukuta kama si wangu. Ukubwa ni uleule. Sketi nimezipanua mshono, lakini hiyo ni kwa sababu nimenenepa. Na wewe unalitakia nini fundo langu? Ulipokuwa ukilikalia hukuliuliza tangu lini.

Shangazi yako


Yokosuka, Japani
15 Septemba 1962

Shangazi,

Nakuinamia. Barua ya Mei nimeipata leo, ilitufuata bandari tatu. Nimekununulia kitambaa cha maua ya bluu, kitakuja na mtoto wa Tan Rosa anayerudi likizo. Loreni anatarajia mwezi ujao, nami Mungu akipenda nitakuwa nimerudi.

Usikandwe tena. Tafadhali. Nenda hospitali mjini upigwe picha ya mfupa, ile ya eksirei. Haiumi, wala huvui nguo zote. Watu wa Kale wameshapokea tumbaku yao, na picha haitawaudhi. Nenda mwezi huuhuu. Usisubiri nguruwe wazae wala Padre akubali wala sikukuu yoyote ipite.

Hapa mvua inanyesha kila siku. Nimepita karibu na hospitali ya jeshi ya hapa nikakukumbuka.

Ignasio


Inarajan
14 Oktoba 1962

Nasio,

Sisi wazima, kuku wazima, mlango wa mbele umeng'oka. Salamu zimeisha.

Ulipokuwa na miaka saba ulivunja taa ya Bikira Maria. Ukanijia jikoni ukaniuliza, "Eti Shangazi, vioo huwa vinauzwa wapi?" Sauti ile ndiyo ninayoisikia katika barua zako. Tangu lini, upande gani, nauliza tu. Halafu unapita karibu na hospitali Japani unanikumbuka mimi. Mimi nimefika Japani lini?

Uliporudi likizo mwaka wa hamsini na tano nilikuona unaoga kisimani. Kovu kutoka begani hadi mbavuni, limeshonwa vizuri kuliko shuka za kanisani. Ukasema umeanguka ngazini. Nikanyamaza, maana mwanamume mzima akisema ngazi, ni ngazi. Sasa naona ngazi ile ilikuwa ndefu.

Hospitali sijaenda. Nangoja Misa ya Wafu Wote ipite, kuna makaburi ya kupaka chokaa. Siwezi kuinama vizuri kwa hiyo napaka ya upande mmoja, ya upande mwingine anapaka Kiko na anayaharibu.

Unajua kitu gani? Niandikie kwa kalamu ya mwanamume.

Brigida


San Diego
6 Novemba 1962

Shangazi,

Mtoto amezaliwa tarehe ishirini na mbili mwezi uliopita, wa kike, Luisa. Ana nywele za mama yake na kelele zako. Loreni mzima.

Umeuliza, nami nimekaa mbele ya karatasi hii siku tatu.

Mwaka wa hamsini na tatu, nikiwa na miaka ishirini na tatu, shati la kazi lilianza kunibana upande mmoja. Ni lile fundo la kombe la bega, lililokuwa kama punje ya popoo tangu utoto. Lilikuwa linakua. Daktari wa meli alinipeleka hospitali ya Yokosuka wakalikata lote. Nilipozinduka alikaa kitandani kwangu akaniambia hivi: "Mafundo ya watu wa kwenu mengi yao hayana neno, mtu anazeeka nayo. Lakini fundo likianza kukua wakati mwenyewe ameshaacha kukua, hilo limeasi. Hilo ndilo hugeuka saratani, na hasa likiwa la bega au la nyonga. Lako tumeliwahi. Una ndugu? Waandikie leo."

Nikamwomba aandike kwenye karatasi zangu kwamba ni jeraha la ngazi, la sivyo nitafukuzwa. Akachukua kalamu, akaandika. Nadhani aliona kwamba yeye ametimiza upande wake na mimi nitatimiza wangu.

Sikuwaandikia. Nilisema nikiandika, barua itasomwa barazani, na itarudi bandarini na mtoto wa mtu, na kazi itaniponyoka. Mwaka uliofuata nilikuwa na hofu ileile na aibu ya mwaka uliopita juu yake. Uliponiandikia kwamba kanisani unakaa upande, nilijua siku hiyohiyo. Nilikuuliza maswali ya kitoto kwa sababu sikutaka uniulize langu.

Delfina alitangaza kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu nyingine nilikuwa nayo mimi. Nenda kesho, Shangazi. Ukipata barua hii hata kama umeshika ungo, uweke chini uende.

Loreni sijamwambia. Luisa sijamgusa mbavu. Namshika kwa blanketi.

Ignasio


Inarajan
19 Januari 1963

Nasio,

Luisa nambariki. Barua yako ya Novemba imenifikia tarehe nane mwezi huu, imelowa, wino umemwagika hadi kwenye jina la mtoto. Kimbunga kilikuja siku tano baada ya wewe kuiandika na nadhani umesikia. Nyumba yetu limebaki jiko, paa lake ndilo lililokuwa linavuja. Jogoo wa Kiko tulimkuta hai juu ya mgomba, hana hata unyoya mmoja.

Upepo ulipoanza Tomas alikuja kutuhamishia shuleni. Nikasimama, mguu ukakataa. Akanibeba mgongoni kwenye mvua, akaniambia, "Shangazi, umeficha nini huku, shelisheli?" Aliponishusha mbele ya watu wote sketi ilikuwa imenikwama kiunoni. Delfina aliona, na Padre na shule nzima. Mwaka mzima nimelificha, nikaja kulionyesha watu mia mbili kwa taa za karabai.

Hospitali wamenipiga picha. Delfina alitafsiri, na safari hii hakutangaza, alininong'oneza. Mfupa wa nyonga umeliwa. Kwenye mapafu kuna mbegu, wamezihesabu sita. Nikauliza, mkinikata mguu? Daktari akasema mwaka jana wakati kama huu angeukata pamoja na nyonga, na huenda ningeishi na mkongojo. Sasa hakuna cha kukata. Nikauliza muda. Akasema nisipande mihogo. Hapana, hilo nimesema mimi, yeye alisema miezi.

Kwa hiyo barua yako nimeisoma nikiwa ninajua yote iliyokuja kuniambia.

Nina hasira na wewe, Nasio. Nimekulea kwenye mfupa huuhuu. Nimekaa siku kumi nikigawa lawama, na nimeona nusu ni ya sketi yangu, kwa sababu daktari alikuja hadi barazani na kikoleo chake nikamwambia hapana. Nusu hiyo ni yangu nitakwenda nayo. Nusu yako sijaisamehe.

Sasa sikiliza kazi yako. Nikifa watu watakuja rozari siku tisa, unajua mwenyewe. Siku ya tisa ukoo wote upo, hata wale tusiosemezana, kwa sababu siku ya tisa kuna chakula na hakuna Fundo anayeondoka kabla ya chakula. Utaniandikia barua ya kusomwa siku hiyo, baada ya sala na kabla ya vyungu kufunuliwa. Uwaambie ile nusu nyingine. Delfina akisema watasema Delfina ana mdomo. Nikisema mimi leo watasema mgonjwa anaweweseka. Wewe ni mwanajeshi, una kovu, watasikiliza. Atasoma Tomas, ana sauti kama ng'ombe.

Iandike sasa hivi, nitaitunza chini ya mto. Na mguse yule mtoto. Vidole vyangu havitafika huko.

Brigida


San Diego
10 Februari 1963

Shangazi,

Nauinamia mkono wako na sina uso wa kuuinamia. Niliomba ruhusa nije. Wameuliza mgonjwa ni nani wangu, nikasema shangazi, wakasema shangazi si mama. Sikujua kuwaeleza kwa lugha yao.

Barua uliyoagiza hii hapa, nimeiweka katika bahasha yake. Nimejitahidi.

"Ndugu zangu wapendwa wa ukoo wetu. Nawasalimu nyote katika siku hii ya majonzi. Kama mjuavyo, afya ni jambo jema. Madaktari wengine husema kwamba baadhi ya mafundo, katika hali fulani, yanaweza kuhitaji kuangaliwa. Niliwahi kusikia habari hiyo kutoka kwa mtu mmoja jeshini. Kwa hiyo ni vyema mtu akihisi mabadiliko amwone muuguzi, kwa wakati unaofaa. Marehemu shangazi yetu alikuwa mwanamke hodari. Mungu amlaze pema."

Loreni bado. Nangoja apate usingizi kidogo, mtoto anamchosha.

Ignasio


Inarajan
3 Machi 1963

Nasio,

Anaandika Tomas, ninasema mimi, na nimemwapisha asiongeze lake. Mkono hauna nguvu. Kukohoa kunanichosha.

Nimeifungua. Uliwahi kuniona nikingoja kufungua kitu? Nakurudishia hapa. Umeandika kama unamwandalia ofisa chai. Mtu mmoja jeshini ni nani? Wakati unaofaa ni upi? Mimi nilikuwa na wakati unaofaa, nikapaka chokaa makaburi. Wakisomewa hii wataitikia amina na kufunua vyungu.

Sema ni wewe, useme na miaka mingapi. Sema kwamba mimi nimekufa kwa hilo. Wasipojua kwamba mtu amekufa hawatakunja nguo, nawajua, mimi ni mmoja wao. Wanalionea fahari. Juzi mke wa Pedro kaleta kichanga chake nimpapase, akasema, "Tan Brigida, angalia, ana matatu, Fundo halisi!" Nimempapasa. Nikamwambia ana matatu mazuri, na nikalia, na yeye akadhani nalia kwa furaha.

Unaogopa pensheni. Sawa, iogope. Iandike ukiwa unaiogopa.

Umeniuliza katika kila barua naumwa wapi, na hujaniuliza kama nimekusamehe. Umefanya vizuri, kwa sababu sijakusamehe. Waambie wao kwanza.

Usiitume kwangu. Itume kwa Tomas, na yeye asiifungue mpaka siku ile. Ameapa. Anasema goti linamuuma kupiga magoti kuapa, ila ameapa.

Nakubariki. Hilo ni jambo jingine, wala halihusiani.

Shangazi yako


San Diego
21 Machi 1963

Isomwe na Tomas siku ya tisa, baada ya rozari, vyungu vikiwa vimefunikwa.

Ndugu zangu wa Mafundo,

Mimi ni Ignasio, mwana wa marehemu Hose, niliyelelewa na Brigida ambaye mmemaliza kumwombea sasa hivi. Salamu mtanisamehe, aliniambia nisiandike maneno ya chai.

Brigida ameuawa na fundo. Si Watu wa Kale. Ni fundo la nyonga, lile ambalo sisi watoto tulilikalia. Lilikuwa fundo jema miaka hamsini, halafu likaanza kukua yeye akiwa mwanamke mzima aliyemaliza kukua zamani, likageuka saratani.

Dakta Halvorsen hakuwadanganya. Mafundo yetu mengi hayana neno. Lakini fundo linalokua wakati mwenyewe hakui tena, hilo si la ukoo, hilo limeasi, na likiwahiwa hukatwa mtu akapona. Najua kwa sababu langu lilikatwa. Kovu langu la mgongoni si la ngazi, na mafundo yangu ya mbavuni si ya kuanguka mshelisheli. Daktari aliniambia haya yote mwaka 1953 na akaniambia niwaandikie siku ileile.

Nilijua miaka tisa. Niliwanyamazia miaka tisa, kwa sababu ya kazi yangu. Ningeandika barua moja tu ya kurasa mbili, leo mngekuwa mmekaa hapo naye akiwatukana, ana mguu mmoja. Wenye watoto hapa bandarini waandikieni. Wakubwa wangu wakisikia, wasikie.

Nimemwambia mke wangu jana. Alilia kwanza, kisha alikasirika, kisha akaniletea mtoto amevuliwa nguo akaniambia, "Nionyeshe." Nimempapasa Luisa kama Shangazi alivyokuwa akitupapasa. Analo moja, ubavu wa tatu kushoto, dogo kama punje ya mchele. Ni la ukoo. Mama yake amelichora kwenye karatasi na tarehe, na kila siku ya kuzaliwa atalipima hadi mtoto amalize kukua, na baada ya hapo atalipima zaidi.

Msile bado. Wanawake waingie chumbani na Delfina, wanaume wabaki na Kiko. Kila mtu apapase yake yote, ya nyonga na ya bega kwanza. Msione haya, mwenye haya tumemzika. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio ndicho hiki mnachokalia. Mwenye fundo ambalo limekua tangu awe mtu mzima, au jipya, au linalomuuma bila kugongwa, asirudi nyumbani kulilalia. Ampe Delfina jina lake aliandike.

Tomas, wewe unayesoma. Mwaka jana ulimwambia daktari kwamba lile dogo la pembeni ya goti umejinunulia mwenyewe juzijuzi, na watu wote wakacheka, na mimi huku nikacheka. Una miaka arobaini na moja.

Weka karatasi chini, Tomas. Kunja suruali.